Naomba ushauri: watoto wanarudishwa nyumbani kwa mchango wa mlinzi

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi kijijini, wilaya ya Uvinza, Kigoma. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima. Ruzuku ya serikali haitoshi kumlipa mlinzi wala mpishi wa uji, hilo nalielewa. Lakini juzi watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango. Mama wa mmoja anauza dagaa mwaloni, na mbalamwezi hii wavuvi hawaingii ziwani. Atoe wapi? Imeniuma sana.

Nianzie mkutano wa kijiji au kwa afisa elimu kata? Mwalimu mkuu ni mtu mwema, sitaki aadhibiwe. Mliofanikiwa kuchangisha kwa hiari, muhtasari wa kikao mliuandikaje?