Bi mkubwa jirani kaniuliza habari za Yesu, nimjibuje?

Wapendwa, nakaa Mwanakwerekwe, Zanzibar, majirani karibu wote Waislamu na tunapendana, Ramadhani futari wananiletea. Juzi tunakuna nazi bi mkubwa kaniuliza, mwanangu, huyo Yesu mnamuomba nini? Nataka nimjibu vizuri bila kumkwaza.

Jibu: Kakuuliza mwenyewe, basi mjibu. 1 Petro 3:15 inatutaka tuwe tayari, ila kwa upole. Mwambie Yesu kakufanyia nini wewe, dini yake usiiguse kabisa!

Jibu: Mie natembeza wageni Mkunazini, huku Mji Mkongwe Zanzibar, kanisa la Anglikana lilianza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa, wenzangu wakiniuliza nawaambia ndo maana naamini Mungu anawaona wanyonge, hapo maongezi yanakwenda yenyewe.

Jibu: Na yeye msikilize, usimkatize.