Trekta ya HST inagoma kubadili gia mlimani, muuzaji anamlaumu dereva. Nimechoka!

Wakuu, naandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Nina trekta ndogo ya haidrostatiki (ndiyo hiyo HST), zile za kukanyaga pedali tu kwenda mbele au nyuma. Ipo kwenye shamba la parachichi huku Njombe, inafyeka majani kati ya mistari, inavuta tela la samadi, na msimu wa kuchuma inasomba makreti. Leva ya gia iliyo pembeni ya kiti, yenye ngazi tatu (ya chini, ya kati na ya juu), haiingii kirahisi, na ikiingia haitoki. Kwenye tambarare inasaga meno. Mlimani inaganda kabisa. Kampuni iliyoniuzia, jina nalihifadhi kwa sasa, jibu lao ni moja: "Mama, hizi mashine ndivyo zilivyo."

Si ndivyo zilivyo, na wao wanajua.

Kwa ambao hawajawahi kuitumia: injini haizungushi matairi moja kwa moja. Inazungusha pampu ya haidroliki, na ndani ya pampu kuna sahani ya chuma inayoinama. Ukikanyaga pedali sahani inalala upande, pistoni zinasukuma oili kwenda kwenye mota, mota inazungusha shafti. Ukiachia pedali sahani inatakiwa irudi katikati kabisa, oili isisukumwe hata tone. Baada ya mota ndipo linakuja giaboksi la kawaida la meno, na hilo ndilo linaloshikwa na ile leva. Kwa trekta nyingi za aina hii gia hizo hazina sinkronaiza (kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno) kama za gari, kwa hiyo lazima usimame kabisa ndipo ubadili. Sasa sahani ikibaki imeinama kidogo tu, mota inaendelea kusukuma shafti hata kama mguu haupo kwenye pedali. Meno yanakuwa yamebanwa au yanazunguka polepole. Unategemea leva iingie vipi?

Na hiki ndicho kinachoniuma, maana trekta yangu inaonyesha dalili waziwazi. Zima injini kwenye tambarare, shika breki, leva inakwenda chini, kati, juu bila shida. Washa injini, vita inaanza. Achia breki bila kugusa pedali, inajisogeza mbele yenyewe. Fundi yeyote aliyewahi kufungua mashine ya HST akisikia maneno hayo atakwambia aangalie kwanza marekebisho ya katikati: ile fimbo ya pedali, springi ya kurudisha, na bolti ya kurekebishia. Haihitaji kushusha giaboksi. Haihitaji spea kutoka Japani.

Fundi wao alikuja. Hakufungua hata bamba la kukanyagia. Alipanda, akashika leva kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu zote mpaka ikaingia kwa kelele, akashuka akasema, "Umeona? Inaingia. Dereva wako ndiye hajazoea." Kisha akanieleza mbele ya vijana wangu kwamba mashine kama hizi zinataka mwanaume mwenye mkono. Jamani! Kuvuta leva kwa nguvu namna ile ndiko kunakopinda uma wa gia (kile chuma kinachosogeza gia ndani ya giaboksi) na kuvunja pembe za meno. Alikuja kutengeneza akanifanyia kazi ya kuharibu, na karatasi ya huduma akaijaza kwamba mashine ni nzima.

Kuna wanaosema, mama si uiache gia ya chini siku nzima? Nimejaribu. Gia ya chini ni ya mlima na mzigo, inakwenda kama mtu anayetembea. Kutoka kipande cha mbali hadi banda la kupangia matunda, makreti yanakaa juani bila sababu na dizeli inaungua bure. Na ukiiacha ya juu halafu ukapanda na tela lenye mzigo, mota inafika mwisho wa nguvu zake, vali ya kupunguza presha inafunguka, unasikia mlio mkali, oili inachemka na trekta haisogei. Ukiendelea hivyo unaiua pampu. Ngazi tatu ziliwekwa kwa sababu hiyo, zibadilishwe kazi inapobadilika. Trekta isiyobadili gia ni nusu trekta, na mimi nililipa nzima.

Lakini wakuu, kuna jambo zito kuliko hasara. Trekta ya HST inapokuwa ndani ya gia, oili yenyewe inaizuia isiteremke ovyo. Ukitoa gia, kizuizi hicho hakipo tena, imebaki breki peke yake. Dereva wangu, kijana makini ambaye hata simu hashiki akiwa kazini, alisimama kwenye mteremko na tela la samadi nyuma, akataka kushuka kutoka gia ya kati kwenda ya chini kama inavyotakiwa kwa mteremko. Leva ilikataa, ikakataa, halafu ikatoka ghafla na haikuingia upande wa pili. Hapo hana gia yoyote. Uzito wa tela unamsukuma. Breki ilimshikilia, namshukuru Mungu, na vijana wengine wakaweka mawe kwenye matairi. Nilipompigia muuzaji simu bado natetemeka, akaniuliza kama dereva ana leseni. Hakuuliza kama mtu ameumia.

Ndiyo maana sikubali tena neno "ndivyo zilivyo". Kubanwa kwa leva kwenye mteremko kunajulikana, uzito wa trekta unaning'inia kwenye meno ya gia, na kuna namna ya kuushughulikia: simama, kanyaga breki mpaka mwisho, achia pedali irudi yenyewe, iguse kidogo mbele na nyuma mzigo utoke kwenye meno, kisha ndipo uhamishe leva. Bora zaidi chagua gia kabla hujaingia mlimani. Haya yote nimeyatafuta mwenyewe. Siku ya kukabidhiwa mashine tulionyeshwa pa kuweka dizeli na namna ya kuwasha taa. Kitabu kilichokuja nayo kimeandikwa Kijapani kitupu. Unamuuzia mtu wa Njombe, unajua huku hakuna shamba lisilo na mteremko, na neno moja la mlima hulisemi?

Oili nayo. Kwenye nyingi ya trekta hizi ndogo oili ni moja, inatumika kwenye pampu ya HST, giaboksi, difu na mikono ya nyuma. Ikiwa nzito kupita inavyotakiwa, asubuhi za baridi inaburuza kila kitu, na wanaoishi huku wanajua Juni na Julai kulivyo. Nikauliza mmejaza oili gani. Jibu: "Ya haidroliki." Namba gani? Kimya. Filta ya HST ilibadilishwa? Kimya. Trekta nyingi za namna hii zinataka filta ibadilishwe baada ya saa 50 za kwanza, kwa sababu vumbi la chuma la gia mpya linaishia humo. Ile huduma ya kwanza nilishailipia ndani ya bei, na filta niliyoikuta ina rangi ya kiwandani na matope ya tangu mwanzo.

Waranti? Wanasema waranti haihusu marekebisho. Sawa, basi marekebisho yangefanywa kabla mashine haijatoka kwao! Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayotaka bidhaa ifanye kisha akategemea ujuzi wake. Mimi nilieleza: parachichi, milima, tela. Ipo kwenye barua pepe. Nitakwenda Tume ya Ushindani nikiwa na barua hiyo mkononi, na nitaomba mashine ipimwe na kituo cha serikali cha CAMARTEC pale Arusha, maana kazi yao ni kupima zana za kilimo.

NYONGEZA: Nimesoma majibu ya mwanzo. Mkuu uliyesema nikaze kliachi, asante, lakini yangu haina kliachi ya mguu. Wenye zenye kliachi, kweli, anzeni hapo, maana kliachi isiyoachia vizuri inaacha pampu inazunguka na dalili zinafanana sana. Na wewe uliyesema nimtafute dereva mzee mwenye uzoefu wa matrekta makubwa: hapana. Kijana wangu ameshaonyesha akili kuliko fundi aliyeletwa kwa gari la kampuni. Yule aliyeuliza atajuaje kama ni uma wa gia au ni pampu, jaribu injini ikiwa imezimwa kwenye tambarare, itikise trekta mbele na nyuma kidogo huku ukihamisha leva. Ikiwa ngumu hata hapo, tafuta fimbo iliyopinda, bushi zilizokwisha au uma. Ikiwa laini imezimwa na ngumu imewashwa, angalia katikati ya pampu. Asikubali mtu yeyote aivute kwa nguvu.

Ninachotaka kutoka kwao ni hiki. Walete fundi anayejua HST, wainue matairi juu ya vyuma vya kuegemea, warekebishe katikati mpaka matairi yasimame kabisa pedali ikiachiwa. Wamwage oili iliyomo, waweke inayotakiwa, na jina lake liandikwe kwenye karatasi yenye mhuri. Wafungue waangalie kama uma uliovutwa na mtu wao umepinda, na kama umepinda wanunue wao. Halafu wakae na dereva wangu mlimani nusu siku, si barabarani.

Kama wapo wengine hapa walionunua trekta za aina hii Njombe, Makete, Mufindi au Lushoto na leva inawasumbua, andikeni chini, semeni inajisogeza yenyewe au la, na mliambiwa nini na waliowauzia. Nayaambatanisha yote kwenye malalamiko yangu. Tela halitapanda tena ule mlima mpaka walipe au watengeneze.