Boma la zahanati limekwama, mtendaji anataka mchango mwingine. Tufanyeje?

Mkorosho Mkongwe: Wakuu, naombeni ushauri. Niko kijijini huku Mtwara. Kila kaya ilichangia zahanati, asiye na hela akasomba maji na mchanga. Boma, yaani kuta bila paa, limeishia kwenye lenta tangu msimu wa korosho uliopita, majani yameota ndani. Sasa mtendaji wa kijiji anapita tena na daftari, na anayeshindwa anatishiwa kuchukuliwa mbuzi. Jirani yangu mjane juzi kauza mbaazi alizoweka za mbegu ili alipe. Mapato na matumizi hatujasomewa. Tukiuliza, tunajibiwa madaraka siku hizi yako kwa wananchi, maendeleo tujiletee. Tuanzie wapi?

Mtendaji Mstaafu: Pole ndugu yangu. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, mwenye kauli ya mwisho kijijini ni mkutano mkuu wa wanakijiji, si mtendaji. Mchango wa lazima unataka sheria ndogo iliyopitishwa na mkutano huo na kuridhiwa na halmashauri ya wilaya. Mwambieni awaonyeshe sheria hiyo na muhtasari wa kikao. Kama hana, mbuzi wa mtu asiguswe. Mkutano uitwe kila miezi mitatu na taarifa ya fedha isomwe hapo. Akikataa, andikeni barua, msaini wengi, nakala kwa diwani na mkurugenzi wa halmashauri. Nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi.

Binti Newala: Kodi ya kichwa ilifutwa 2003, na 2017 ushuru wa mazao ya biashara unaokwenda halmashauri ukashuka toka 5% hadi 3%. Nafuu kwa mkulima, sikatai, ila majukumu ya halmashauri yalibaki palepale. Pengo tunaliziba sisi kwa michango, mwenye mikorosho mitano sawa na mwenye shamba zima. Inaniuma sana. Mbaneni diwani: boma lenu limo kwenye bajeti au halimo?

Mwana wa Kilwa: Huku kwetu vijiji vyenye msitu wa hifadhi wa kijiji vinauza miti, hela inabaki kijijini na mkutano mkuu ndio unaipangia kazi. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu. Mna msitu?

Mkorosho Mkongwe: Hatuna kaka, ni mikorosho mitupu. Barua naanza leo. Je, yule mama aliyekwishalipa adai risiti? Hakupewa.

Mtendaji Mstaafu: Adai, tena mbele ya mashahidi. Asipopewa, litajeni hilo kwenye barua na mwombe mkaguzi wa ndani wa halmashauri aje apitie vitabu.