Kamati ya harusi inataka tukachukue vinywaji Nakonde. Inalipa kweli?

MwekaHazina_Uyole

Wakuu heshima zenu, na wakubwa shikamooni.

Mdogo wangu anaoa, sherehe ni hapa Mbeya, na mimi ndiye mweka hazina wa kamati. Michango mnajua inavyokuwa: ahadi zimejaa daftari, hela hazionekani. Kikao kilichopita mjumbe mmoja akaleta hoja kwamba tukodi Noah, tuende Tunduma, tuvuke Nakonde, tujaze bia na pombe kali turudi nazo. Anadai tofauti ya bei inaweza kulipa hata ukumbi. Mwingine akasema Zambia ya nini, twende Kasumulu, maana tangu Malawi washushe kwacha yao mwishoni mwa 2023, kwa asilimia 44 kwa mpigo, vitu vya kule ni kama bure kwa mwenye shilingi. Halafu mjomba, mwenye grosari Mwanjelwa, akaomba gari likienda limchukulie na katoni za sigara. Faida atagawana na kamati.

Kikao kizima kikapiga makofi. Ila anayetoa hela na kusaini ni mimi.

Hoja yao ni kwamba hii si biashara, ni matumizi ya familia, kwa hiyo forodha haituhusu. Ni kweli? Na tukisema tulipie kihalali, unafuu unabaki? Naomba majibu ya wanaojua. Wale wa "njoo PM nikupe njia ya panya" wapite kushoto.

KijanaWaSae

Kamati nzima ipande Coaster, kila mjumbe arudi na chupa yake mkononi kama abiria. Mchezo umeisha 😂

Wakala_Mpakani

Nafanya uwakala wa forodha, na swali hili huja kila msimu wa harusi, kwa hiyo nivumilieni nikiandika kirefu.

Msamaha wa msafiri upo. Uko kwenye Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Unakuruhusu pombe kali isiyozidi lita 1, au mvinyo usiozidi lita 2. Sigara na tumbaku ya aina yoyote, jumla gramu 250, ambayo kwa sigara za kawaida ni katoni moja ya pakiti kumi na chenji kidogo. Uwe umetimiza miaka 18, na mzigo uwe wako wewe, wa kutumia wewe. Bia haimo kabisa kwenye kipengele hicho. Kwa hiyo Noah iliyojaa makreti haina pa kujificha, hata mkimpakia bibi harusi mwenyewe kiti cha mbele.

Na wewe wa Coaster, nimecheka, lakini ofisa akimuuliza abiria wa tatu chupa ni ya nani naye akajibu "ya kamati", msamaha umeishia hapo. Si mali yake tena.

Sasa mkilipia. Tangu Julai 2022, Jumuiya iliweka daraja la asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, vileo vikiwemo. Tuseme chupa moja, pamoja na gharama ya kuifikisha mpakani, imesimama shilingi 10,000. Ushuru wa forodha 3,500. Hapo inakuja zamu ya ushuru wa bidhaa, ambao kwa pombe kali unahesabiwa kwa lita, si kwa bei, na ya nje inatozwa kiwango cha juu kuliko ya ndani. Ndipo VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya vyote, yaani kodi inatozwa kodi. Hata ukiuacha ushuru wa bidhaa pembeni, chupa ya 10,000 imeshafika 15,930. Ukiurudisha, kila shilingi yake inaongezewa senti 18 za VAT. Tozo ya reli na vijitozo vingine sijagusa. Kwa kuwa ushuru huo unafuata lita, whisky ya bei poa ndiyo inaumia zaidi, na ndiyo hiyo mnayoifuata.

Ndaga_Fijo

Mkuu Wakala hapo umetisha watu bure. Zambia na Malawi wote ni SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ambamo na sisi tumo, na soko huru la SADC lipo tangu 2008. Hiyo 35 inaondoka. Na mbona akina mama wa Tunduma wanapitisha mizigo midogo kwa ule utaratibu rahisi bila hata wakala?

Wakala_Mpakani

Nusu uko sahihi. Bidhaa iliyotengenezwa Zambia ikiwa na cheti cha uasili cha SADC inapata nafuu ya ushuru wa forodha. Lakini whisky nyingi pale Nakonde ni ya Scotland au Afrika Kusini, imepita tu Zambia. Cheti cha Zambia utakipata wapi? Na cheti hakigusi ushuru wa bidhaa wala VAT, hivyo vinabaki palepale.

Utaratibu rahisi unaousema ni wa EAC, kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000. Zambia na Malawi si wanachama. Wao wana wa kwao wa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ambako Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Watu wanachanganya hivi viwili kila siku, na kile kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa 2019 kimezidisha kuchanganya: kinapunguza foleni, hakipunguzi kodi.

MamaGrosari_Mafiati

Naomba niongee na mjomba.

Mjomba, sigara na pombe zote zinazouzwa nchini, za ndani na za nje, zinatakiwa ziwe na stempu ya kielektroniki ya TRA tangu 2019. Wakija dukani hawakuulizi umevuka lini, wanaangalia pakiti. Tena siku hizi hata mteja ana Hakiki Stempu kwenye simu, anaskani chupa kabla hajalipa. Ukikutwa nayo haina, huwezi kusema aliyeivusha ni dereva wa Noah. Sheria hiyohiyo ya forodha, kifungu cha 200, inamshika na anayemiliki au kuhifadhi mzigo ambao alijua, au alipaswa kujua, haujalipiwa. Kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Na gari linaweza kutaifishwa. Noah ni ya kukodi, mwenye Noah mtamwambia nini?

Mimi stoo yangu ndogo, leseni ya vileo naifuata halmashauri, risiti ya EFD natoa, halafu jirani anauza pakiti za njia ya panya chini ya bei niliyonunulia mimi jumla. Wanaosema "serikali haitakosa kitu" hawajui anayekosa wa kwanza ni mimi.

Mnyalu_Kihesa

Kamwene wakuu. Kama mvua bado zinanyesha njooni Iringa mchukue ulanzi kwenye madumu. Hauna stempu, hauna forodha, na wazee watawabariki.

Mchumi_Soweto

Mama hapo juu kagusa penyewe. Wanaolalamikia bei waangalie mlolongo wote. Kila Juni bajeti ikisomwa, pombe na sigara huwa karibu na mstari wa mbele wa kuongezewa ushuru. Ukipandisha na jirani asipandishe, wa mpakani anahesabu nauli. Wa Tunduma nauli yake ni miguu tu, wa Njombe hawezi kusumbuka. Kwa hiyo kodi ni moja kwa nchi nzima, lakini ukali wake unapungua kadiri unavyokaribia mpaka.

Wenzetu yamewakuta. Finland mwaka 2004 walijua Estonia inaingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei na watu watavuka bahari kwa meli kwenda kubeba pombe. Machi wakashusha kodi ya vileo kwa wastani wa karibu theluthi ili wanywaji wabaki nyumbani. Walikunywa zaidi, vifo vitokanavyo na pombe vikapanda, na kuanzia 2008 serikali ikaanza kupandisha tena. Canada, Februari 1994, walipunguza kodi ya sigara kwa sababu ya magendo, na sehemu kubwa ya sigara hizo zilitengenezwa Canada hukohuko. Zilisafirishwa kwenda Marekani bila kodi ya ndani, kisha zikarudishwa kwa mlango wa nyuma.

Hilo la pili linatuhusu. Si kila kitu cha bei rahisi Tunduma kimetoka Zambia. Kuna mzigo unaoandikwa unapita tu kwenda Congo halafu unashushwa njiani. Unadhani umenunua cha nje, kumbe umenunua kodi iliyokwepwa.

KijanaWaSae

Kwa hiyo Mchumi unataka ishushwe au isishushwe?

Mchumi_Soweto

Isishushwe. Ipandishwe polepole, na tukae na jirani tuzungumze viwango. Tukishindana kushusha, anayepata ni mwenye kiwanda.

Ndaga_Fijo

Cha kushangaza tumbaku inalimwa Chunya hapo, sisi tunafukuzia sigara Nakonde. Na sigara yenye tumbaku ya nyumbani zaidi ya asilimia 75 inatozwa ushuru mdogo kuliko ile ya tumbaku ya kuagiza. Mjomba auze hizo.

MamaGrosari_Mafiati

Turudi kwa harusi. Mweka hazina, bia yenu ipo Iyunga hapo, kiwanda kiko mlangoni. Nenda depo ya jumla, ongea nao mapema, wengi wanakubali makreti ambayo hayajafunguliwa yarudi baada ya sherehe, unalipa kilichonyweka. Nakonde nani atakupokelea makreti yaliyobaki? Na chupa tupu za kule depo ya huku hazipokei, dhamana yake mmeisahau kwenye hesabu. Halafu uliza ukumbi kama wanatoza kinywaji cha kuletwa, kuna kumbi hiyo peke yake inakula akiba yote.

MwekaHazina_Uyole

Mama asante sana, ndaga fijo. Ukumbi wanatoza kwa kreti, nimewapigia sasa hivi. Mjumbe wa Noah naye nimemtumia hesabu ya Wakala, kasema basi twende kuchukua pombe kali pekee, "chupa chache tu". Chache ni ngapi hajasema.

Wakala_Mpakani

Mwambie lita moja, yake mwenyewe, na nauli ajilipie. Akitaka zaidi aseme mlangoni anacho nini na alipie. Kutoa maelezo ya uongo kwa forodha ni kosa jingine kabisa, mbali na la mzigo.

MamaGrosari_Mafiati

Wageni wangapi? Nikupigie hesabu ya makreti.