Mjadala: Mnyama asiye na jina la Kiswahili. Biolojia ya sekondari tuifundishe kwa lugha gani?

Mwalimu wa Jioni (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha twisheni ya biolojia kwa Kidato cha Tatu na cha Nne. Darasa lenyewe ni chumba cha uani hapa Tabata, ubao mmoja na mabenchi sita. Wiki iliyopita limetokea jambo limenikera, nikaona nililete hapa tulijadili.

Tulikuwa kwenye faila ya kodata, lile kundi la wanyama ambalo sisi tumo pamoja na samaki, vyura na kuku. Binti mmoja, mwanafunzi mzuri tu, akasimama akazitaja sifa za kundi hilo kwa Kiingereza bila kukosea hata silabi. Nikampongeza. Kisha nikamuuliza kwa Kiswahili: "Hiyo notokodi uliyoanza nayo, kwako wewe ilikuwa wapi mwilini?" Akashika koo. Wa benchi la nyuma akadakia: "Notokodi ndiyo kodi gani tena, ya nyumba?" Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka. Lakini usiku sikulala vizuri. Binti amekariri miaka minne kitu asichojua kilipo.

Kipindi kilichofuata nikafunga kitabu. Nikachora mnyama ambaye kitabu kinampa mistari miwili tu: Branchiostoma, ambaye wengi wanamjua kwa jina la zamani, amfioksasi. Nikaeleza kila kitu kwa Kiswahili.

Chukua dagaa mchele, nikawaambia. Mtoe macho yote mawili, taya, mifupa yote, na mapezi ya ubavuni. Mtoe na moyo, kwa sababu huyu hana moyo, mishipa yenyewe ndiyo inayojibana na kusukuma damu, tena damu isiyo na rangi. Mchonge awe na ncha mbele na ncha nyuma. Umekaribia. Ana sentimita tano, sita hivi, na ngozi yake inapitisha mwanga kiasi kwamba misuli unaiona imejipanga kama herufi V zilizolala ubavu.

Anaishi amejifukia kwenye mchanga wa bahari ulio safi, wa chenga, kichwa kikichungulia. Mdomo umezungukwa na vijiti laini vinavyofanya kazi ya chekeche, punje za mchanga zisipite. Maji yanaingia mdomoni, yanapenya kwenye mipasuko mingi ya koo na kutokea kwenye tundu chini ya tumbo. Chakula kinanaswa na ute. Na huo ute unatoka kwenye kijifereji kilichopo sakafuni mwa koo, ambacho kinakusanya madini joto.

Hapo nikatoa paketi ya chumvi niliyoichukua jikoni. Hakuna aliyehitaji tafsiri. Wote wamekulia kwenye matangazo ya chumvi yenye madini joto na picha za watu wenye rovu. Nikawaambia kijifereji kile ndicho ndugu wa tezi yetu ya shingoni, ile inayovimba madini joto yakikosekana.

Sasa notokodi. Ni fimbo laini inayotoka ncha ya mbele hadi ncha ya mkia. Inapinda lakini haifupiki. Misuli ya upande mmoja ikivuta, mwili haukunjamani kama soksi, unapinda, upande wa pili unavuta, mnyama anaogelea. Juu ya fimbo unapita ugwe wa fahamu wenye uwazi katikati. Mwanadamu akiwa na wiki chache tumboni mwa mama naye anayo fimbo hiyo, kisha pingili za mgongo zinachukua nafasi yake. Inabaki kidogo: ule ute mzito ulio katikati ya visahani kati ya pingili na pingili. Babu akirudi hospitali na kusema ameambiwa diski imetoka mahali pake, anazungumzia mabaki ya notokodi.

Yule binti alikuwa ameshapeleka mkono mgongoni. Hakuna aliyemwambia.

Tume ya Makweta, ile ya kuangalia elimu nchini, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari kuanzia 1985. Haikufanyika. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, wakatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mangapi tena tunasubiri? Msimamo wangu: biolojia ifundishwe na itahiniwe kwa Kiswahili, na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo. Karibuni mnipinge.

Mbishi wa Buza

Nakazia. Ila mwalimu, mtu hana moyo, hana taya, hana mifupa, si ndiyo wapangaji wenzangu hawa?

Mama Wawili

Mwalimu, pole na kazi. Naona umepigiwa makofi, mimi nakupinga.

Nina duka la vitenge Kariakoo, sikufika chuo. Mwanangu wa kwanza alisoma shule ya msingi ya Kiswahili, akaingia Kidato cha Kwanza akawa kama bubu. Mwaka mzima. Wa pili nikampeleka Inglish midiamu, nikauza mpaka friji. Leo wewe unaniambia friji langu lilikwenda bure?

Mtihani wa taifa unakuja kwa Kiingereza. Mtoto akiandika "fimbo laini isiyofupika", msahihishaji atampa nini? Akienda chuo kikuu vitabu ni Kiingereza. Akitafuta kazi anahojiwa kwa Kiingereza. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, na yule hakuna wa kumfundisha kupenda Kiswahili.

Halafu watoto wanaotangulia kuonjeshwa huo mradi ni wa nani? Wa shule za kata. Wa wakubwa watabaki kwenye shule zao na Kiingereza chao.

Na hayo madini joto unayojisifia, yana joto gani? Mimi miaka mingi nilidhani ni chumvi iliyopashwa moto kiwandani. Jina la Kiswahili nalo linaweza kumpoteza mtu vilevile.

Mwalimu wa Jioni

Mama Wawili, shikamoo kwanza. Hiyo ya madini joto umenipiga, na nitaitumia darasani. Lakini angalia ulivyonipiga: jina lilikupotosha, ukahoji, ukacheka. Binti yangu na lile la Kiingereza hakuhoji kitu, maana halikumwambia chochote, sahihi wala kosa. Kosa la namna yako nalisahihisha kwa dakika moja.

La mtihani nakubali. Ndiyo maana nimesema ifundishwe *na itahiniwe*. Kufundisha kwa Kiswahili na kutahini kwa Kiingereza ni kumvusha mtu nusu ya mto.

La watoto wa wakubwa sina jibu zuri.

Mzee wa Ilala

Mnaongelea lugha, mimi nina swali la dini. Mnawafundisha wajukuu zetu kwamba wametokana na mdudu wa mchangani?

Chaza

Shikamoo mzee. Nasoma sayansi za bahari, mwaka wa tatu, niruhusu nijibu. Amfioksasi si babu yetu. Yuko hai leo kama sisi, ametembea njia yake muda uleule tuliotembea ya kwetu. Tuseme ni binamu ambaye hakuhama kijijini: ukienda kwake unaona nyumba ilivyokuwa zamani, lakini si yeye aliyekuzaa. Suala la Muumba sitaligusa hapa, si saizi yangu.

Nimwongezee mwalimu kidogo. Zamani wote waliamini huyu ndiye ndugu wa karibu zaidi wa wenye uti wa mgongo. Mwaka 2006 ulinganisho wa jeni ukageuza meza: walio karibu zaidi nasi ni tunikata, vile viumbe vinavyonata kwenye miamba na nguzo za gati kama vifuko vya ngozi na kurusha maji ukivibonyeza. Ukivitazama huamini. Ila kiluwiluwi chake kina notokodi mkiani, kisha akikua anaipoteza. Ndugu wa karibu kabadilika sana, wa mbali kidogo kabaki na sura ya ukoo. Mwaka 2008 ukachapishwa mfuatano mzima wa jenomu, yaani jeni zote kwa pamoja, ya Branchiostoma floridae. Jeni za Hox, zinazopanga kipi kikae mbele na kipi nyuma mwilini, yeye anazo fungu moja. Sisi tunayo mafungu manne. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kwa mababu wa wenye uti wa mgongo jenomu nzima ilijirudufu, mara mbili.

Na lile la tezi lina ushahidi mtamu kuliko paketi ya chumvi. Lamprei, samaki asiye na taya, akiwa kiluwiluwi ana kijifereji hichohicho. Akikomaa, kijifereji kinageuka tezi. Unaweza kukiona kikihama kazi ndani ya mnyama mmoja.

Sasa hoja ya lugha. Tunaongea kana kwamba majina ya kisayansi yalishuka na mvua. Peter Simon Pallas alimweleza mnyama huyu mwaka 1774 na akamwita koa, Limax lanceolatus! Mwaka 1834 Costa wa Naples akaona si koa, akampa Branchiostoma. Miaka miwili baadaye Yarrell akaja na Amphioxus, Kigiriki cha "ncha pande mbili". Alexander Kovalevsky ndiye aliyefuatilia ukuaji wake tangu yai, kazi aliyoichapisha 1867, na hapo ndipo undugu na sisi ulipokolea. Yaani walibahatisha, wakakosea, wakabadilisha. Sisi tunaogopa hata kubahatisha.

Mvuvi wa Kigamboni

Mnyama mwenye ncha ni chuchunge. Yupo, ana jina, na pale Feri anauzwa. Mnahangaika nini?

Chaza

Kaka, chuchunge ana mifupa, ana macho, na mdomo ule umerefuka chini tu. Huyu ni mwingine kabisa, na hata ukimkanyaga kwenye mchanga hutajua. Kundi lake moja, Asymmetron, linaishi pia Bahari ya Hindi.

Mvuvi wa Kigamboni

Analiwa?

Chaza

Uchina wamemla sana. Karibu na Xiamen palikuwa na uvuvi wake hasa, wa kumchekecha kutoka mchangani. S. F. Light aliuandika kwenye jarida la Science mwaka 1923. Miaka ya 1950 likajengwa tuta la barabara baharini, mkondo ukabadilika, tope likafunika mchanga, uvuvi ukafa. Huyu hataki tope kabisa. Wao wana jina lao, *wenchangyu*, samaki wa Wenchang, ambaye ni mungu wao wa elimu na maandishi. Hawakusubiri ruhusa ya Pallas.

Mvuvi wa Kigamboni

Basi kama hataki tope asije Msasani mvua zikinyesha. Muiteni chongambili. Kachongwa mbele, kachongwa nyuma.

Mbishi wa Buza

Chongambili. Hili tayari linasikika kama jina la kiungo mshambuliaji.

Mama Wawili

Mmetoka kwenye hoja mmeingia kwenye ubatizo. Mwalimu, jina zuri, hongera kaka wa Kigamboni, lakini hilo jina mtoto akiliandika mwezi wa kumi na moja anafeli. Mpaka mtihani ubadilike mimi sibadiliki.

Ila nimesoma hiyo ya diski mara mbili. Mume wangu ana mgongo mwaka wa tatu sasa, amepigwa picha, amepewa karatasi nzima ya Kiingereza, na leo ndiyo nimeelewa kilichomo ndani ya hizo pingili.

Nakuuliza jambo moja la pembeni. Hiyo twisheni ni bei gani, na wa Kidato cha Pili unapokea?

Mwalimu wa Jioni

Elfu moja kwa kipindi, mama. Wa Kidato cha Pili aje Jumamosi, saa nane mchana.

Mama Wawili

Atakuja. Maelezo mpe kwa Kiswahili, sina shida. Notisi ziwe za Kiingereza.

Mwalimu wa Jioni

Sawa, mama. Ila mchoro nitauandika chongambili.