Muuzaji kaniambia chaja moja inatosha vijumba 6, jana usiku ukuta wa kijumba cha kwanza umeungua

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Tangu mwezi wa 2 nilikuwa naunga vijumba vya mbao, vile vya kubandika kipande kwa kipande, ndani vina taa za LED. Viko 6. Nimevipanga kwenye ubao kuzunguka stesheni ya TAZARA ya hapa Mbeya, na mlima Loleza nimeufinyanga kwa magazeti na gundi. Ni kwa ajili ya watoto wa darasa la Jumapili. Reli ya kilomita 1,860 inapita mlangoni kwao na wengi hawajawahi kupanda hata behewa moja.

Kila kijumba kina tundu mbili, umeme unaingia huku unatokea kule. Nikamuuliza muuzaji, vyote 6 nitaviwashaje? Akanijibu bila hata kufikiri: "Kaka, chomeka cha kwanza kwenye chaja ya simu, vingine vinafuatana." Akaniuzia na chaja yenyewe, imeandikwa 5V 3A, yaani volti 5, ampea 3.

Jana usiku nikawasha. Kijumba cha kwanza safi. Cha 4 kimefifia. Cha 6, taa nyeupe za dirishani zimekuwa kama kibatari kinachoishiwa mafuta, ila ile nyekundu ya ishara ya treni bado inaonekana vizuri. Taa nyeupe inataka kama volti 3, nyekundu kama 2, kwa hiyo umeme ukipungua nyeupe ndiyo inayoumia kwanza. Nikachukua mita. Kwenye chaja volti 4.6, kule mwisho 3.3!

Nikapima kijumba kimoja kimoja: kila kimoja kinakula karibu ampea 0.4. Sita ni 2.4. Zote hizo zinapita kwenye kale kawaya ka kijumba cha kwanza, kembamba kama uzi wa kushonea. Nikiwa bado napima nikasikia harufu. Kichwa cha waya kimelainika kama ubani uliotafunwa, na ukuta wa mbao umebaki na doa la kahawia. Hapo ni nyumbani na niko macho. Ingekuwa kanisani, watoto 40 wamezunguka ubao?

Leo nimerudi dukani, naambiwa mali ikishauzwa hairudishwi. Halafu kijana wa pembeni ananishauri niweke adapta ya volti 12 "ili nguvu ifike mwisho". Jamani! Vijumba ni vya volti 5, hiyo ni kuviua vyote kwa mpigo.

Chanzo kimoja kinawezekana kabisa, na hilo ndilo linaloniuma. Volti zinabaki 5, ampea ndizo zinazojumlishwa. Adapta ya ampea 4 ya kweli, waya mnene upite chini ya ubao, kila kijumba kichukue umeme wake moja kwa moja pale, na fyuzi ndogo kila tawi. Kwa nini boksi halisemi kijumba kinakula ampea ngapi? Kwa nini anayeuza hajui anachouza?

Mlioko Mbeya au hata Iringa, nani anajua duka la adapta ya 5V 4A ambalo litaniruhusu niijaribu na mita yangu kabla sijatoa hela? Watoto wanakuja Jumapili.