Ushauri: tumlaze mzee kwenye hoteli ya kizamani Jinja, au tutafute ya kisasa?

Binti_wa_Mzee
Habari zenu wakubwa. Baba yetu amepita miaka 80 na kila tukikutana anaomba apelekwe Jinja, hapa Uganda, akauone mji miguu ingali inamkubali. Miaka ya 60 aliishi mtaa wa Walukuba hukohuko Jinja, kazi yake ikiwa jikoni kwa meneja mmoja Mzungu, kwenye zile bangaloo za upande wa mto. Sisi watoto tumechanga, tunataka alale huko wikendi moja.

Kaka yangu mkubwa ameng'ang'ania hoteli ya mtindo wa kikoloni: veranda pana, vigae vyekundu, bustani ya miti mikubwa. Anasema ziko karibu na katikati ya mji, kwa hiyo mzee atatoka taratibu hadi Main Street. Mimi moyo unasita. Magoti ya baba ni mabovu, na usiku huamka mara kwa mara. Halafu nilipomtajia wazo hilo alinyamaza kidogo, akasema: "Kule tulikuwa tunapita mlango wa nyuma." Mpaka leo sijui kama alikuwa anakataa au anakumbuka tu.

Aliyewahi kulala au kufanya kazi kwenye nyumba hizo anisaidie. Picha za mtandaoni nimeziona, nataka hali halisi.

Dereva_Mukono
Dada, kuhusu safari tu. Kampala hadi Jinja ni kilomita 80 hivi, lakini msihesabu kilomita, hesabuni foleni. Tokeni alfajiri kabla Mukono haijajaa. Ukishaingia msitu wa Mabira nyuma ya malori ya miwa, unatambaa nayo. Jambo moja la mzee: gari sasa hupita daraja jipya la 2018. Yeye alizoea kuvuka juu ya bwawa, kwa hiyo mwambieni mapema asije akadhani mmepotea njia. Akitaka kuliona bwawa la Owen Falls, siku hizi linaitwa Nalubaale. Kamera wekeni mfukoni, pale ni eneo la ulinzi.

MamaVyumba
Nimefanya kazi ya kupanga vyumba kwenye nyumba ya aina hiyo, jina siitaji. Nikuambie yale ambayo picha hazionyeshi.

Kwanza bafu. Vyumba vingi vya nyumba kuu vina lile beseni refu la chuma ambalo ukingo wake unakaribia goti, na shawa imefungwa humohumo ndani. Mwenye magoti mabovu lazima ainue mguu mmoja huku amesimama kwa mwingine, kisha akanyage kitu kinachoteleza, na ukutani hakuna pa kushika. Nimeona vijana wazima wakiyumba pale. Sakafu nayo ni ile saruji nyekundu iliyopigwa nta, inapendeza sana ikiwa kavu, ila ikidondokewa na maji usiku ni hatari. Piga simu uulize hivi: shawa iko sakafuni au ndani ya beseni? Mtu wa mapokezi akisita, mwombe aende akaangalie.

Pili, nyumba zile zimeinuliwa. Unapanda ngazi kadhaa kabla hujafika mlangoni. "Hakuna ghorofa" si sawa na "hakuna ngazi".

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Uani, nyuma ya jiko, mara nyingi kuna safu ya vyumba vidogo vilivyokuwa vya watumishi. Siku hizi vimepakwa rangi, vina kitanda na neti, na ndivyo vya bei nafuu. Ni visafi, sina neno navyo. Lakini baba yenu asije akafunguliwa mlango wa chumba kama kile alichokuwa akipumzikia zamani, eti ndiyo zawadi ya watoto wake. Mkichagua hoteli hiyo, semeni waziwazi mnataka chumba cha nyumba kuu, kinachotazama mbele. Na mlipe tofauti ya bei bila kunung'unika.

Kijana_Bugembe
Mpeleke ya kisasa yenye lifti. Jenereta inawaka umeme ukikatika, maji ya moto yapo. Hayo ya ukoloni waachieni watalii.

Mwalimu_Mstaafu
Ndugu yangu wa Bugembe, usiharakishe. Mji ule ni wa mzee kuliko ulivyo wa watalii.

Binti, kuna majengo ya aina mbili pale na watu huyachanganya. Bangaloo za kuelekea mtoni ni za maofisa na mameneja. Main Street yenyewe ni kazi ya Wahindi: duka chini, familia juu, baraza la kupita watu mbele, na juu kabisa jina la mwenye nyumba na mwaka wa kujenga. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Nyumba zikaingia mikononi mwa bodi ya serikali, na nyingi zilirudishwa kwa wenyewe miaka ya 90. Katikati hapo nani angepaka rangi nyumba asiyojua kesho ni ya nani? Ndiyo sababu hata leo hoteli ya ndani ya jengo la zamani lazima uiulizie mabomba na nyaya, kabla ya kuiulizia mapazia.

Mzee atatambua majengo mengi, maana Jinja haikuvunjwavunjwa kama Kampala. Kwenye chanzo cha Nile pana ngazi za kushukia kwenye mashua, akae juu tu. Maporomoko ya Ripon yalizama bwawa lilipokamilika 1954, kwa hiyo hata yeye hakuyakuta.

Ila swali lako la pili, kama mzee alikuwa anakataa au anakumbuka tu, sisi hatuwezi kulijibu. Muulize mwenyewe, mkiwa wawili, kaka yako asiwepo.

Binti_wa_Mzee
Asanteni sana, MamaVyumba zaidi. Nimemuuliza jana baada ya chai. Amesema nyumba ya meneja haimhusu, hana kinyongo nayo wala hamu nayo. Anachotaka ni Walukuba: aione nyumba aliyopanga na aulizie watu aliokaa nao. Kulala ni popote, bora pawe na maji ya moto na choo kiwe karibu na kitanda. Kwa hiyo tunachukua hoteli ya kawaida, chumba cha chini, shawa ya sakafuni. Kaka atakunywa chai yake kwenye veranda peke yake akitaka.

Sasa kule Walukuba tuanzie wapi? Majina anayoyakumbuka ni ya utani tu.

MamaVyumba
Anzeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, mweleze mzee alikaa upande gani na miaka gani. Nendeni Jumapili alasiri, watu wametoka kanisani na wako nyumbani. Majina ya utani yasikutie wasiwasi, wazee wa kule wanajuana kwayo. Na mwacheni aongee mwenyewe, Kiswahili cha Walukuba bado kipo.